Wageni kwenye kihamba chao, shamba la ukoo: mazungumzo baada ya misa, Kibosho, Kilimanjaro

Tumsifu Yesu Kristo. (Milele, amina.) Wazee wangu, mama zangu, shikamooni. Asanteni kwa kubaki, najua wengine mmeacha ng'ombe hawajakatiwa majani.

Mnanijua, mimi ni muuguzi wa zahanati. Kila mwaka Krismasi ikikaribia, daftari letu la majeruhi hubadilika sura. Miezi mingine ni watu wa hapa hapa: panga limeteleza, mtu kaanguka kutoka kwenye mparachichi. Desemba majina ya ukoo ni yale yale, ila ukiuliza anwani unaambiwa Tabata, Mbezi, Njiro, Nairobi.

Nyumba ya bibi imezoea watu wawili na paka. Mafuta ya taa yako kwenye chupa ya soda uvunguni, dawa za presha kwenye kabati la vikombe, na hakuna wa kuvigusa. Halafu kati ya tarehe 20 na 24 wanaingia watu 18, nusu yao watoto waliokulia ghorofani. Hawajui mfongo, mfereji wetu wa maji, unapita wapi. Hawajui mbwa anaitwa nani, na mbwa naye hawajui wao. Wamefika kwao, lakini ni wageni kwao. Ndiyo maana leo nasema na ninyi wenyeji, wao nitawakuta wakishafika.

Nianze na sufuria la mbege, pombe yetu ya ndizi, maana hapo ndipo penye machozi. Ndizi zinachemka tangu asubuhi, jioni sufuria linateremshwa na kuachwa chini lipoe mpaka kesho. Sisi tuliozaliwa hapa tunalizunguka hata gizani. Mtoto wa mgeni anarudi kinyumenyume akifuata mpira, anatumbukia kwa makalio. Na ndizi zilizopondeka si maji: ni nzito, zinaganda kwenye ngozi. Juu panafanya utando, huoni mvuke, kumbe chini bado ni moto wa kuunguza.

Niliwahi kuletewa mtoto wa miaka 3, usiku wa tarehe 23. Alikuwa amepakwa dawa ya meno, juu yake unga wa ngano, na juu ya unga, asali. Bibi watatu, dawa tatu. (Kicheko.) Mnacheka, lakini kuvibandua vile vitu ndiko kulikomliza kuliko kuungua kwenyewe.

Dawa ya kwanza ni maji ya bomba, yanayotiririka, dakika 20. Si barafu, wala maji ya friji. Mkiona dakika 20 hamwezi kuzipima, salini rozari ya matendo matano bila haraka, mkimaliza ndiyo mfunge bomba. Wakati huo mvueni pete, bangili na nguo, isipokuwa iliyoganda kwenye ngozi, hiyo iacheni. Sehemu isiyoungua ifunikeni apate joto, hasa mtoto mdogo. Kisha laza kanga safi juu ya kidonda, mlete. Malengelenge msiyatoboe. Na sufuria lenyewe, mwaka huu lipozeni ndani ya kibanda chenye komeo.

Mafuta ya kukaangia yakishika moto, msiyamwagie maji, yatarukia dari. Zima jiko, funika na mfuniko, ondoka. Moto ukiwashinda, Zimamoto ni 114.

Sasa jiko la mkaa. Wageni wa Dar wakifika huku juu wanatetemeka, na bibi kwa huruma anawaingizia jiko chumbani. Mama zangu, mkaa uliokolea vizuri, usiotoa moshi, ndio unaodanganya. Unatoa hewa ya sumu, kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi. Inashika damu mahali pa oksijeni, mtu analala moja kwa moja. Wawili wakiamka chumba kimoja vichwa vinawauma na wanatapika, msiseme ni mbege ya jana. Watoeni nje kwanza. Baridi ina blanketi.

Mbwa wa kulinda, huyo wa kufungwa mchana na kufunguliwa usiku, wageni wafike akiwa bandani na abaki bandani. Mtoto aking'atwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu siku hiyo hiyo aje kwa ajili ya chanjo. Hata kama mbwa ni wa mjomba. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, hatuna cha kumsaidia.

Mafuta ya taa yahamisheni leo, mkitoka hapa. Mtoto akiyanywa, msimtapishe wala kumpa maziwa: akitapika yanaingia kwenye mapafu. Na midoli ya siku hizi ina betri bapa kama sarafu. Mtoto akiimeza inaweza kuunguza koo ndani ya saa 2. Msisubiri itoke chooni, na msipoteze muda kwangu, sina eksirei. Shukeni hospitali ya KCMC, Moshi, usiku huo huo.

Barabara nitaigusa kidogo tu, maana matrafiki wanaisema kila siku. Anayeendesha kutoka Dar ana zaidi ya kilomita 500. Acheni kumpigia kila nusu saa "mmefika wapi?" Anajibu akiendesha, na anakimbizana na swali lenu. Mwambieni alale Korogwe au Same, chakula kitapashwa. Akifika, kata ya mbege isifuatwe na "hebu mpeleke shangazi Umbwe." Na bodaboda: mishikaki, kupanga watoto watatu kwenye pikipiki moja kwa sababu ni karibu, hapana. Hata karibu kuna lami.

La mwisho ni nyama. Mtu akikabwa na bado anakohoa, mwacheni akohoe. Akishindwa kusema wala kupumua, hapo ndipo tunaingia: mapigo 5 kati ya mabega, yasipofaa, misukumo 5 juu ya kitovu, mnarudia. Mtoto chini ya mwaka mmoja hasukumwi tumbo, nitawaonyesha kwa mdoli. Kwanza mtu mzima. Baba wa kiti cha nyuma, njoo uwe mgonjwa wangu, bakora mwachie mama. Inama mbele kidogo, hivyo. Nani aje apige mgongo? Hapana, si wewe mke wake, wewe utapiga na madeni ya mwaka mzima. (Kicheko.) Kijana, njoo wewe.