Kusomesha watoto nyumbani Pennsylvania: siku 180 bila kugeuza sebule kuwa darasa

Hamjambo ndugu zangu, karibuni tena. Leo nazungumza kutoka Pennsylvania, Marekani, kuhusu jambo ambalo jamaa wengi wa nyumbani hulisikia kwa mashaka: familia zinazozungumza Kiswahili huku ambazo watoto wao hawaendi shule, wanasomeshwa na baba na mama. Swali huwa ni lile lile: wanasoma kweli hao, na nani anawapima? Wanasoma, na kupimwa wanapimwa. Tena Pennsylvania ni miongoni mwa majimbo yenye masharti mazito zaidi, kwa hiyo mkielewa ya hapa mtaona kwamba elimu ya nyumbani yenye furaha haihitaji mzazi kukwepa sheria hata kidogo.

Nianze na sheria, maana mzazi mwenye hofu hawezi kufundisha kwa raha. Sheria ya hapa ni ya mwaka 1988. Anayesimamia masomo lazima awe mzazi au mlezi mwenye cheti cha kumaliza sekondari au kinacholingana nacho. Kila mwaka, kabla ya tarehe 1 Agosti kupita, anapeleka hati ya kiapo kwa mkuu wa wilaya ya shule anakoishi, yaani mamlaka inayoendesha shule za umma za eneo lake. Hati hiyo huapwa mbele ya notari, mtu anayefanya kazi ya kamishna wa viapo kule kwetu. Inaambatana na malengo ya kila somo, kumbukumbu za chanjo na afya, na tamko kwamba hakuna mtu mzima ndani ya nyumba aliyehukumiwa kwa makosa fulani katika miaka mitano iliyopita. Wenye vyeti vya Kenya, Tanzania au Kongo waanze kushughulikia tathmini ya cheti mapema, isije ikawakamata mwezi wa Julai.

Mtoto anatakiwa asome siku 180 kwa mwaka, au saa 900 akiwa shule ya msingi na 990 akiwa sekondari. Zingatieni neno "au". Chagueni siku. Mzazi anayehesabu saa hujikuta anamkalisha mtoto mezani ili saa zitimie, na hapo ndipo raha inapofia. Anayehesabu siku anajiuliza jambo moja tu: leo tumejifunza? Kama tumejifunza, anaweka alama kwenye kalenda.

Sasa angalieni uhuru uliomo. Mwaka wa shule unaanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni. Someni wiki sita, siku tano kwa wiki, kisha pumzikeni wiki moja. Mizunguko sita ya namna hiyo inatoa siku 180 kamili, na imekula wiki 42. Zinabaki wiki kumi za kupanga mnavyotaka: safari ndefu ya Desemba kuja Tanga au Kisumu, mwezi wa Ramadhani kwenda kwa mwendo wa pole, mtoto mchanga akizaliwa. Baba mwenye zamu ya usiku hospitalini au ghalani anaweza kufundisha kuanzia saa nane mchana, sheria haikutaja saa. Mfumo huu unakwama pale wiki ya mapumziko inapotumiwa "kufidia" kila mara. Ikitokea mara mbili mfululizo, ujue ratiba imebeba mzigo kuliko uwezo wa nyumba. Punguza kazi, likizo iache palepale.

Kila siku, fundisheni kwa uthabiti mambo matatu tu: kusoma, hesabu, kuandika. Mtoto wa miaka saba anatosheka na dakika 15 za kusoma, 20 za hesabu, 10 za kuandika. Wa miaka kumi ongezeni hadi dakika 25 kwa somo. Simamisheni somo kabla hajachoka, hata kama ukurasa haujaisha, kwa sababu mtoto aliyeachwa na hamu hurudi kesho bila kuvutwa. Akilia kwenye hesabu, mara nyingi tatizo si la leo. Rudini nyuma mtafute hatua aliyoiruka. Ukiona kugawanya kunamshinda, mpime jedwali la kuzidisha la 6, 7 na 8 kwanza.

Hapa nataka nikae kidogo kwenye kusoma, kwa sababu Kiswahili ni hazina ambayo wazazi wengi huku wanaiacha kabatini. Irabu zetu tano zina sauti moja moja, hazibadiliki. Tengenezeni kadi za silabi za m, b, t na k: ma me mi mo mu, ba be bi bo bu, na kuendelea. Kwa silabi ishirini tu mtoto anajenga mama, baba, mimi, kiti, bata, moto, kabati, tikiti. Anaelewa siri ya kusoma, kwamba alama ni sauti, bila kupambana na tahajia ya Kiingereza. Baadaye ndipo zije ny, sh, ch, dh, gh na ng'.

Kosa linalotokea ni kuanza lugha zote mbili wiki moja. Mtoto anaona "i", hajui aseme i au ai, anaanza kubahatisha, na mzazi anadhani hana akili. Subirini mpaka asome maneno ya silabi mbili za Kiswahili bila kusita, kisha mfungue Kiingereza kwa sauti za herufi, majina ya herufi yaje mwisho. Kadi za Kiingereza ziwe za rangi nyingine na zitolewe saa nyingine. Kama mtoto tayari anasoma Kiingereza, hakuna neno: silabi za Kiswahili atazimaliza haraka.

Baada ya kusoma ukurasa mmoja au miwili, funga kitabu umwambie, "Haya, nisimulie." Usimrushie maswali kumi, hiyo inakuwa mahakama. Wa miaka sita anasimulia kwa mdomo nawe unaandika maneno yake kama alivyoyasema, unaweka tarehe. Karatasi hiyo ni ushahidi wa masomo. Kuanzia miaka kumi hivi, anaandika mwenyewe.

Masomo yaliyobaki ni mengi. Jimbo linataka sayansi, jiografia, historia ya Marekani na ya Pennsylvania, uraia, afya, usalama pamoja na kuzuia moto, michezo, muziki na sanaa. Ukiyapangia siku, sayansi Jumatatu na jiografia Jumanne, miadi tatu za daktari zikiangukia Jumatatu utakuwa huna sayansi mwezi mzima. Yapange kwa foleni: andika orodha, kila siku fanya lililo juu, kesho lifuatalo. Siku ikivurugika foleni inasubiri, hakuna deni. Watoto wa umri tofauti waketi pamoja kwenye foleni hii, mdogo achore, mkubwa aandike. Hesabu na kusoma pekee ndizo zinazohitaji mmoja mmoja. Usalama wa moto hauhitaji kitabu: onyesha njia mbili za kutoka kila chumba, chagueni mahali pa kukutana nje, jaribuni king'ora cha moshi kila mwezi, na mtoto akariri anwani yake na namba ya dharura ya huku, 911.

Mfano wa somo linalobeba matatu kwa mpigo ni pepo za pwani yetu. Chukua makopo mawili yaliyo sawa, moja tia mchanga mkavu, jingine maji, kwa kimo kimoja. Yaache chumbani saa kadhaa yawe na joto sawa, kisha yaweke chini ya taa moja kwa dakika 20, ukipima kila baada ya dakika tano. Mchanga utapata joto haraka zaidi. Jaribio likikataa, kagua mambo matatu: mchanga ulikuwa na unyevu, kipimajoto kilizamishwa kina tofauti (sentimita moja inatosha kote), au taa ni ya LED ambayo haitoi joto la maana. Sasa fungua ramani. Bara la Asia likipata joto katikati ya mwaka, hewa yake inapanda, upepo unavutwa kutoka kusini: huo ndio kusi. Bara likipoa, upepo unageuka, unakuja kaskazi, na majahazi ya Oman na Ghuba yanateremka Lamu, Mombasa na Zanzibar. Hiyo ni sayansi, jiografia na historia, na mtoto wa Pittsburgh ameelewa kwa nini babu zake walizungumza na wageni kutoka mbali.

Hesabu nayo ina bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 64 na kete 64, kila mchezaji 32. Kabla mtoto hajatawanya kete, mwambie ataje ya mwisho itaangukia shimo lipi. Anajumlisha kichwani bila kuambiwa kwamba ni hesabu.

Na hapa ndugu wa nyumbani mnaingia. Bibi anayetega vitendawili kwa simu ya video kila Jumamosi anafundisha lugha, na siku hiyo inaingia kwenye hesabu ya 180. Saa nne asubuhi ya Pennsylvania ni saa kumi na mbili jioni Nairobi na Dar wakati wa baridi ya huku, na saa kumi na moja jioni kiangazi. Wajukuu wanahitaji sauti hiyo kuliko zawadi za nguo.

Tahadhari mbili. Usimwondoe mtoto shuleni katikati ya mwaka kabla kiapo hakijapokelewa, kwani siku tatu za kutohudhuria bila ruhusa zinamfanya mtoro kisheria. Pia shule za umma za mtandaoni zinazotoa kompyuta bure si elimu ya nyumbani: ratiba ni yao, mwalimu ni wao. Mlioko Uingereza, Sheria ya Elimu ya 1996 inawaruhusu. Mlioko Ujerumani hapana, Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilisimama na serikali mwaka 2006 na tena 2019. Kenya, sheria ya 2013 inamtaka mzazi ampeleke mtoto shule au taasisi iliyoidhinishwa, hivyo haya yatumieni jioni na likizo.

Kumbukumbu ziwekwe kila siku, dakika tano: tarehe, majina ya vitabu vilivyosomwa, na kilichofanyika. Kwa kila somo hifadhi kwenye faili kazi tatu, ya mwanzo wa mwaka, ya katikati na ya mwisho, ili maendeleo yaonekane. Wanaoacha hadi Mei hukaa usiku kucha wakikisia tarehe. Darasa la tatu, la tano na la nane kuna mtihani sanifu wa lugha na hesabu, na mzazi haruhusiwi kuusimamia, kwa hiyo tafuta msimamizi mapema.

Mtathmini, yaani mtu anayekagua masomo ya mwaka mzima, ambaye anaweza kuwa mwalimu mwenye leseni ya jimbo au mwanasaikolojia mwenye leseni, weka naye miadi mwezi wa Aprili. Atazungumza na mtoto na kupitia faili, kisha aandike barua. Tangu mwaka 2014 ni barua hiyo tu inayokwenda wilayani, faili linabaki kwenu. Ifike kabla ya tarehe 30 Juni kwisha, na siku hiyo hiyo toa fomu ya kiapo cha mwaka unaofuata uanze kuijaza, maana hadi tarehe 1 Agosti zimebaki siku 32 tu. Walio na watoto wa darasa la tatu mwaka huu, niandikieni hapo chini mko wilaya gani.