Kupanga makazi ya wanyamapori kwa madaraja: ramani ya New Hampshire

Mabibi na mabwana, nawashukuru kwa kufika. Leo nitazungumzia ramani moja, na namna inavyosomwa vibaya.

Mwaka 2000 Bunge la Marekani lilianzisha ruzuku ya wanyamapori kwa majimbo, ikiwalenga hasa wale wasiowindwa, ambao kwa muda mrefu hawakuwa na fungu lao. Sharti likawa kila jimbo liandike mpango wake kufikia Oktoba 2005, kisha liupitie upya angalau kila baada ya miaka 10. New Hampshire haikuishia kwenye orodha ya spishi. Ilichora makazi ya jimbo zima na kuyapa madaraja ya ubora, kila daraja na rangi yake kwenye ramani.

Sasa niambieni: kilele cha Mlima Washington, mita 1,917 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo miti haioti, utakipimaje dhidi ya kinamasi cha maji chumvi kule pwani? Hupimi. Hapo ndipo ninapowavulia kofia waliobuni mfumo huu. Kinamasi hushindana na vinamasi, msitu wa misonobari na misitu ya aina yake. Alama hutokana na mambo matatu: viumbe adimu waliomo, ukubwa wa eneo na jinsi linavyoungana na mengine, na shinikizo la binadamu, yaani barabara, majengo na uchafuzi.

Daraja la juu ni makazi bora katika jimbo zima. Linalofuata ni makazi bora katika kanda yake ya kiikolojia, na mimi naliona ndilo lenye busara kuliko yote. Bila hilo, kaskazini yenye misitu mipana ingezoa kila kitu, na kusini, walikojazana watu, isingeambulia chochote. Na huko kusini-mashariki ndiko aliko kobe wa Blanding, kobe wa majini. Huyu huanza kuzaa akiwa na zaidi ya miaka 10, huweza kuishi zaidi ya 70, na jike huvuka nchi kavu kwa umbali mrefu kutafuta pa kutaga. Gari likimkanyaga jike mmoja aliyekomaa, pengo lake huchukua miaka mingi kuzibika. Ndiyo maana barabara huhesabiwa. Daraja la tatu ni maeneo yanayoyazunguka na kuyaunganisha hayo mawili. Shoroba nyingi, yaani mapito ya wanyama, zimo humo.

Basi kosa liko wapi? Mtu hutazama sehemu isiyotiwa rangi, akasema: hapa hakuna kitu, jengeni. Hapana! Dimbwi linalojaa majira ya kuchipua na kukauka kiangazi, ambamo vyura na salamanda, jamaa zao wenye mikia, huzaliana, linaweza kuwa dogo kiasi cha kutoonekana kwenye picha za angani. Ramani ile inatuambia tuanzie wapi. Kamati za uhifadhi za miji, ambazo sheria ya jimbo imeziruhusu tangu 1963, hazina budi kwenda kukagua kwa miguu.

Na rangi nzuri nayo hudanganya. Karibu na mji wa Concord kuna vichaka vya misonobari kwenye udongo wa kichanga, makazi ya kipepeo wa bluu aitwaye Karner. Kiwavi wake hula mmea mmoja tu, lupini ya mwituni, na lupini hutaka jua. Moto ulipozuiwa kwa miaka mingi, kivuli kilitanda. Miji nayo ikameza ardhi. Kipepeo huyo akatoweka jimboni, akarudishwa kwa kizazi cha vipepeo kutoka New York, na leo sehemu ya eneo lile huchomwa kwa mpango maalumu.

Kwa hiyo, ukinionyesha daraja la juu, nitakuuliza: moto huo utawashwa na nani mwaka kesho, na fedha zake zimo kwenye bajeti ipi?