Koili Jokofuni: Namna ya Kupanga Jaribio la Baridi

Ndugu zangu, habari za mchana. Mwenyekiti amenipa saa moja na mada ndefu. Naomba nianze na ajali, maana wahandisi tukikutana ndiyo salamu yetu.

Machi 2021, mjini Naka, Japani, kulikuwa na mashine inayoandaliwa kuwashwa kwa mara ya kwanza. Inaitwa JT-60SA, wameijenga Wajapani na Waulaya kwa ubia. Ni tokamaki, yaani chombo chenye umbo la tairi ambamo gesi ya moto kupita kiasi huzuiwa na sumaku isiguse kuta, ili viini vya atomi nyepesi viungane na kutoa nishati kama vinavyofanya ndani ya jua. Sumaku zake, ambazo ni koili, yaani nyaya zilizosukwa mizunguko, zilikuwa zimeshapozwa, na jamaa wakawa wanazipitishia umeme kwa zamu. Ikafika zamu ya koili moja ya pete, EF1. Umeme ukaruka kwenye kiungo cha ncha zake, ukatoboa chuma, na heliamu ya kupozea ikavujia ndani ya ombwe. Kazi ikasimama. Plazma ya kwanza, yaani ile gesi ya moto yenyewe, walikuja kuipata tarehe 23 Oktoba 2023.

Sasa, mashine hiyohiyo ina koili nyingine 18 zenye umbo la herufi D. Hizo, kabla ya kusafirishwa kwenda Japani, zilipitishwa moja moja kwenye jaribio la baridi huko Saclay, karibu na Paris. Kila moja iliingizwa kwenye kraiostati, yaani jokofu kubwa la ombwe, ikapozwa hadi kelvini 5 hivi, ikapewa mkondo wake kamili wa ampea 25,700, kisha heliamu ikapandishwa joto kidogo kidogo mpaka koili iliposalimu amri, yaani ikapoteza usuperkondakta, ule uwezo wa kupitisha umeme bila ukinzani. Kazi safi kabisa. Lakini jaribio hutoa ushahidi juu ya kile tu kilichoingia jokofuni. Kiungo kitakachofungwa baadaye, na fundi mwingine, akiwa amejipinda chini ya mashine, hakimo kwenye cheti.

Kwa hiyo mwanafunzi akiniletea mpango wa jaribio, ukurasa wa kwanza sitaki kuona mchoro wa mabomba. Nataka kuona swali: unataka koili ikuambie nini?

Tuchukue koili kubwa za D za ITER, ule mradi wa kimataifa wa tokamaki kubwa ulioko Cadarache, kusini mwa Ufaransa. Kimo chake mita 17, uzito zaidi ya tani 300, mkondo ampea 68,000. Chuma cha pua ukikitoa kwenye joto la chumba ukakifikisha kelvini 4, ambazo ni nyuzi 269 chini ya sifuri, husinyaa kiasi cha milimita 3 kwa kila mita. Piga hesabu: kwa mita 17 unapoteza sentimita 5. Kila weldi, kila bomba la heliamu, kila tabaka la kihami (kizuia umeme) cha kioo na gundi linavutwa. Kama kuna ufa umejificha, hapo ndipo unapojitokeza.

Ila kuna jambo linalowaokoa wenye bajeti ndogo. Kusinyaa huko karibu kote humalizika kabla hujafika kelvini 80. Kutoka 80 kushuka hadi 4, chuma hakisogei kwa kiasi cha kuhangaikia. Na kelvini 80 unazifikia kwa naitrojeni iliyo kimiminika, ambayo bei yake huwezi kuilinganisha na ya heliamu. Basi kama swali lako ni la weldi na mivujo, ishia 80. Hivyo ndivyo walivyofanya kwa koili za pete zilizosukwa palepale Cadarache, nyingine zikiwa na kipenyo cha mita 24: wakazipoza hadi 80, wakatafuta mvujo, wakapima kihami, wakazirudisha kwenye joto la kawaida.

Kama swali ni la mkondo, hapo hakuna njia ya mkato. Niobi-bati na niobi-titani, ambazo ndizo nyaya za koili hizi, hazifanyi kazi ya usuperkondakta kwenye kelvini 80. Ni lazima ushuke, na kushuka kuna bei: kutoa wati moja ya joto kwenye kelvini 4, hata mtambo mkubwa uliotengenezwa vizuri unakula zaidi ya wati 200 za umeme. Halafu kuna heliamu yenyewe. (Ndiyo, ndiyo hiyohiyo iliyotangazwa mwaka 2016 kuwa iko bonde la Rukwa. Naona mmetabasamu.)

Wageni wa kazi hii hudhani kupoza ni kufungua koki na kusubiri. Ukifungua kwa pupa, upande unaopokea heliamu unasinyaa wakati upande wa pili bado umelala kwenye joto la chumba, na koili inajipasua yenyewe. Ndiyo maana mipango huweka kikomo cha tofauti ya joto kati ya sehemu moja ya koili na nyingine, kwa koili kubwa kiasi cha kelvini 40 au 50, na heliamu inayoingia hupunguzwa joto hatua kwa hatua, mchana na usiku. Unazungumzia wiki hapo. Meneja akiuliza mbona ratiba haipungui, mwambie tani 300 hazina haraka.

Kuna kipimo kimoja ninachokipigania kila ninapopewa kipaza sauti, nacho ni kipimo cha Paschen, yaani kupima kihami kikiwa ndani ya gesi yenye presha ndogo.

Taa ya tyubu mnaijua. Ndani yake kuna gesi kwa presha ndogo sana, na ndiyo sababu umeme unapita humo kwa urahisi. Hewa ya kawaida ni kihami kizuri. Ombwe safi ni kihami kizuri pia. Katikati, presha ikiwa ndogo lakini haijaisha, ndiko kwenye balaa. Kwa heliamu, kwenye presha na umbali unaoafikiana, volti zisizofika 200 zinatosha kurusha cheche. Na koili kubwa, siku umeme wake unapotolewa kwa dharura, hubeba maelfu ya volti kwenye ncha zake.

Sasa tazama watu wanavyopima kihami. Wanavuta ombwe mpaka liwe safi, wanapandisha volteji, hakuna kinachoruka, wanatia saini. Umepima siku ya sikukuu! Siku ya msiba heliamu imevuja kidogo, ombwe limechafuka, na koili inatolewa umeme kwa kasi kwa sababu ya huohuo mvujo. Kwa hiyo ingiza gesi makusudi, pitisha presha kwenye ngazi zote za hatari, na kwa kila ngazi pandisha volteji. Tundu la sindano kwenye kihami litawaka kama taa. Koili 70 za Wendelstein 7-X, mashine ya Ujerumani ya kuunganisha viini vya atomi, nazo zilipimwa Saclay, na kipimo hiki kilifichua udhaifu wa kihami uliopita salama kwenye vipimo vya kawaida. Gharama yake ni ndogo kuliko vyote nilivyovitaja, nacho ndicho cha kwanza kufutwa ratiba ikibana.

Bado dakika chache. Kuna swali pale nyuma… Ndiyo, dada.

Anauliza: koili ikipoteza usuperkondakta katikati ya jaribio, inakuwaje? Wenyewe wanaiita kwenchi. Sehemu ndogo inapata joto, ukinzani unazaliwa, joto linaongezeka, na moto wa namna hiyo haujizimi. Koili zote 18 za D za ITER zitabeba gigajuli 41 kwa pamoja. Kwa lugha ya LUKU ni yuniti kama 11,400. Lazima vihisi viione mapema volteji inayoletwa na ukinzani huo, swichi ifunguke, nishati iende kuungulia kwenye vikinza vilivyo nje. Katika mpango wako mnyororo huo unajaribiwa kwa mkondo mdogo kwanza, kisha unapanda ngazi. Asiruke mtu ngazi.

Mwaka 2021, huko MIT, chuo kikuu cha Marekani, koili ya majaribio iliyofikisha nguvu ya sumaku ya tesla 20 iliachwa mwishoni ipate kwenchi kwa makusudi, bila njia ya kuikwepa. Kona yake moja ikayeyuka. Walikuwa wameshapata vipimo vyote walivyovitaka, na uharibifu ule wakaulinganisha na hesabu zao.

Kuhusu viungo, unasema? Sawa. Ukiweza, kiungo kitakachotumika kwenye mashine kifungwe na fundi yuleyule atakayefunga vile vya mwisho, kwa gundi ileile, na kiingie kwenye kraiostati pamoja na koili. Usipoweza, tengeneza cha mfano, kipoze, kipime Paschen peke yake. Na hata hivyo, siku mashine itakapokuwa imeshafungwa yote, rudia kipimo.