Rubi, Maribel na ua wetu wa Kadutu

Jambo sana, ndugu zangu wa Bukavu, huko Kongo. Jambo Kadutu, jambo Ibanda, jambo Bagira. Na ninyi wa Goma na Uvira mnaonifuata, jambo. Huku Houston ni saa nne asubuhi, kwa hiyo huko ni saa kumi na moja jioni, wengine mnawasha makala kwenye mbabula sasa hivi. Endeleeni na kazi zenu, mnisikilize tu. Nimetoka zamu ya usiku, mikono bado inanuka sabuni, lakini nikilala kwanza nitapoteza maneno.

Wengi mmeniuliza habari za karatasi na bei ya nyumba. Nitajibu siku nyingine. Leo nataka tuongee juu ya Rubi.

Ndiyo, Rubi yule yule. Ninyi mliozaliwa juzi, hii ni tamthilia ya Mexico, ya Televisa, mwaka 2004, vipindi 115. Msichana mzuri kupita kiasi, maskini, anafanya urafiki na Maribel, mtoto wa tajiri ambaye ana mguu wa bandia tangu ajali ya utotoni. Maribel anampenda kama dada wa tumbo moja. Rubi anamchukua mchumba wake, Héctor, siku yenyewe ya harusi. Na moyo wa Rubi hauko hata kwa Héctor, uko kwa daktari Alejandro, ambaye Rubi mwenyewe alimwacha kwa sababu hana pesa.

Mnakumbuka tetemeko la tarehe 3 Februari 2008? Jumapili asubuhi. Nilikuwa na miaka 10. Siku zilizofuata ardhi iliendelea kutikisika kidogo kidogo, watu wakaogopa kulala ndani. Kwenye parseli yetu, ua mmoja wenye nyumba nne, tulitoa magodoro nje. Televisheni ilikuwa moja tu, ya mama jirani yetu. Jioni ya pili saa ya Rubi ikafika, akasimama mlangoni, anaangalia ndani, anaangalia ukuta wenye ufa, akasema: "Sitakufa kwa ajili ya Rubi, lakini simwachi." Vijana wakaibeba ile televisheni, wakaiweka juu ya meza uani, waya ukipita dirishani.

Hapo ndipo ua ulianza kujaa. Kadutu ni mlima, mnajua, vijia vyetu vinapita nyuma ya nyumba za watu. Anayepanda kutoka sokoni na ndoo yake ya sambaza, wale samaki wadogo, anaona mwanga, anasikia sauti, anasimama. Anauliza, "Héctor amekwisha jua?" Mtu hata jina lake hatulijui! Anapewa jibu, anatua ndoo, anakaa. Palikuwa na Washi, Warega, Wabembe, mama mmoja aliyetoka Idjwi, na siwezi kuwaambia nani alikuwa kanisa gani kwa sababu haikuulizwa. Kilichoulizwa ni kimoja: wewe uko upande wa nani? Kama ulikuwa upande wa Rubi, ulikaa nyuma karibu na ukuta.

Sauti ilikuwa Kifaransa, na wengi wa akina mama hawakusikia Kifaransa. Mimi nilikuwa nasoma vizuri, basi nikawekwa pembeni ya meza, kazi yangu kugeuza maneno. Kila dakika: "Anasema nini? Mtoto, anasema nini?" Nawaambia ukweli, ile ndiyo kazi ya kwanza niliyofanya maishani, na niliifanya kwa moyo wote. Kulikuwa na maneno ambayo mtoto hawezi kuyatamka mbele ya wakubwa. Alejandro akimwambia Rubi anampenda, mimi nilisema, "Anasema anamheshimu sana." Wale mama walicheka mpaka machozi, kisha wakaanza kulitumia neno lile kwa waume zao. Na siku Héctor alipomwacha Maribel kanisani, swali la kwanza kutoka nyuma lilikuwa la mahari: "Na ng'ombe? Zitarudishwa?" Niliangalia ile televisheni, nikatafuta ng'ombe, nikajibu kwamba watu wa Mexico hawakutaja. Ua mzima ukasikitika. Binti ameachwa, na ng'ombe pia hazijulikani ziko wapi.

Sasa nifike kwa baba mmoja, sisi tulimwita papa.

Alikuwa anashona viatu pale soko la Kadutu. Alitoka Shabunda, mguu mmoja aliuacha vitani, anatembea na magongo. Jioni tatu alisimama nje ya uzio, kwenye giza, hakusalimia, hakuingia. Jioni ya nne mama mwenye televisheni, bila hata kugeuza kichwa, akasema: "Papa, Maribel anakaa. Na wewe kaa." Akasogezewa bidoni la njano, yaani dumu. Akakaa. Magongo yake akayalaza chini taratibu, moja pembeni ya jingine, na tangu siku ile bidoni lile halikukaliwa na mtu mwingine, hata yeye akichelewa.

Hakuwa mtu wa maneno. Lakini kila Maribel alipotokea, alijisogeza mbele. Alikuwa anaangalia jinsi anavyosimama, anavyogeuka, anavyoshuka ngazi. Mara moja alininong'oneza, "Mtoto, wamesema umetengenezwa na nini, ule mguu?" Sikujua. Nikamwambia hawajasema, wakisema nitamwambia yeye wa kwanza.

Mwisho wa Rubi mnaujua. Anaanguka kutoka juu, uso unaharibika, na mguu unakatwa. Jioni ile ua ulijaa mpaka kijiani. Niligeuza: "Wamesema wamemkata mguu." Mama mmoja akapiga vigelegele. Wengine wakapokea. "Mungu ameona! Amelipwa!"

Yule papa akauliza, si kwa hasira, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua: "Kwa hiyo mguu ni malipo? Mimi nilimwibia nani mchumba?"

Ndugu zangu, televisheni iliendelea kuongea Kifaransa peke yake. Hakuna aliyeniuliza anasema nini. Nilisikia maji yanachemka kwenye sufuria, basi. Kisha yule mama aliyepiga vigelegele akasimama, akavuka watu, akakaa chini kabisa, kwenye udongo, karibu na lile bidoni. Hakusema pole. Alimuuliza kama watoto wake wa Shabunda wamekwisha kupata shule. Wakaanza kuongea, na tamthilia ikaisha hivyo, hata sikuwageuzia maneno ya mwisho.

Miezi iliyofuata akina mama wale wale, watu ambao Januari hawakujuana, walichanga nauli wakamsindikiza yule papa Heri Kwetu, kituo cha walemavu, kuuliza mguu wa bandia. Aliupata. Akauita Maribel. "Leo Maribel ananiuma," alikuwa anasema. "Leo Maribel ameamka vizuri."

Miaka ikapita. Nimefika huku, nafanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli. Mwaka mzima nilikunja mashuka na dada mmoja wa Mexico na tulichojua ni "asubuhi njema" na "kesho." Kiingereza chake kidogo, changu nacho kidogo. Usiku mmoja alisimamisha simu yake kwenye chupa ya sabuni, sauti chini. Nikaona uso. Nikaachia ncha ya shuka nikasema, "Rubi!" Akanigeukia, macho makubwa. Akasema, "Héctor?" Nikamwonyesha kwa mkono: hapana, simtaki. Akaweka mkono kifuani: "Maribel." Nikasema, "Maribel." Mnajua kukunja shuka kubwa: mnashika ncha, mnaachana, mnakutana katikati. Usiku ule kila tulipokutana katikati tulitaja jina moja. Alejandro. Fernanda. Tulimaliza mashuka yote kabla ya saa ya mapumziko.

Kilichonishangaza zaidi ni sauti. Sauti ya Rubi niliyokua nayo ilikuwa ya mtu mwingine kabisa, mwanamke wa Kifaransa nisiyejua jina lake. Nimemsikia Bárbara Mori mwenyewe, aliyeigiza Rubi, kwa mara ya kwanza kwenye chumba cha kufulia, nikiwa na miaka zaidi ya 25. Yule dada akanieleza kwa simu ya kutafsiri kwamba hata Bárbara Mori alizaliwa Uruguay, na Sebastián Rulli, Héctor wetu, ni wa Argentina. Kumbe na wale walikuwa wageni mle ndani! Nilifurahi, sijui kwa nini, nilifurahi sana.

Siku hizi kila Jumapili naenda kwao. Mama yake ni mzee, ananisogezea kiti mbele. Tunaangalia tangu mwanzo, kwa Kihispania, na sasa mimi ndiye ninayeuliza, "Anasema nini?" Wiki iliyopita niliwasimulia habari ya yule papa. Dada akamgeuzia mama yake neno kwa neno. Yule mzee akazima televisheni kwa muda, akauliza jina lake. Hata wao, kumbe, walishangilia mwaka ule Rubi alipokatwa mguu.

Mama mwenye televisheni bado yuko Kadutu. Tangu waasi wa M23 waingie mjini Februari 2025, mabenki yakafungwa, tunaongea kwa ujumbe wa sauti, na kila mara tunaanza na Rubi kabla ya habari za mji. Yeye ndiye anayetaka hivyo. "Nipe kwanza Maribel," anasema, "halafu nitakupa haya mengine."

Lakini habari za yule papa hatuna. Aliondoka Kadutu zamani, wengine wanasema alirudi Shabunda, wengine Kamituga. Papa, kama mtu amekushikia simu unaniona, ni mimi, yule mtoto wa pembeni ya meza. Tumebakiza vipindi vitatu. Mama wa huku anasema cha mwisho tusikiangalie, tusimamie pale ambapo Rubi bado anatembea. Dada anasema tukiangalie mpaka mwisho, ila bila vigelegele. Wamenipa mimi niamue, na mimi nataka uniambie wewe. Tutaangalia Jumapili, saa kumi jioni ya huku.