Kijana wa Lakabu

Assalaam alaykum. Nimeombwa nizungumzie mwanzo wa majarida ya habari, na naona nyuso zenu zinaniuliza mbona sianzi na Al-Najah, gazeti lililotoka hapa hapa Unguja mwaka 1911. Al-Najah ina siku yake. Leo nakuleteeni kijana wa Brooklyn, Marekani, mmoja wa waanzilishi wa jarida la Time, maana kila nikisoma habari zake naona kama alikulia barzani kwetu.

Briton Hadden alizaliwa Februari 1898. Skuli ya Hotchkiss ndiko alikokutana na Henry Luce, wakafuatana hadi Chuo Kikuu cha Yale, masahibu na mahasimu kwa wakati mmoja. Mwaka 1918, wakiwa kambi ya jeshi ya Camp Jackson, South Carolina, wakaanza kuota gazeti lao wenyewe. Magazeti Marekani yalikuwa tele, na watu bado hawajui dunia inakwendaje.

Mwaka 1922 wakaacha kazi zao za gazeti kule Baltimore, wakazunguka kwa wenye pesa. Walitaka dola 100,000. Zilipofika 86,000 wakaanza hivyo hivyo. Toleo la kwanza la Time lina tarehe 3 Machi 1923: kurasa 32, bei senti 15, na jaladani sura ya mzee Joseph Cannon, aliyewahi kuwa spika wa Baraza la Wawakilishi la Marekani.

Waandishi wa kwenda kutafuta habari hawakuwa nao. Mnacheka, lakini ndivyo. Walichukua magazeti ya wenzao, wakakata kwa mkasi, wakaandika upya kwa ufupi. Hapo ndipo ninapomkumbuka mzee mmoja wa barza yetu, aliyekuwa akilimaliza gazeti kabla dele la kahawa halijafika, kisha akatusimulia sisi ambao hatukulisoma. Hakuwa akimtaja kiongozi kwa jina. Alisema "yule wa miguu ya korongo," na sote tukamjua, na habari ikatuganda.

Hadden naye vivyo hivyo. Alikuwa na tafsiri ya Iliad, utenzi wa kale wa Kiyunani wa Homer, amezitilia alama zile sifa za maneno mawili yaliyoungwa, na kwa mtindo huo akawabandika watu lakabu: huyu wa meno ya mapengo, yule wa macho ya keekee. Sentensi nazo akazipindua, kitendo mbele, mtendaji nyuma. Kwetu si ajabu, watunzi wa tenzi wanafanya kila siku. Kwa Kiingereza ilikuwa vituko.

Mimi lakini nina kinyongo changu hapa. Lakabu inakumbusha, na papo hapo inahukumu. Yule wa miguu ya korongo, mpaka leo siwezi kukwambieni alisema nini. Nakumbuka miguu tu.

Hadden hakukaa sana. Bakteria walimwingia damuni, akafariki 27 Februari 1929, umri miaka 31. Penisilini, dawa ya kuua bakteria, mwanasayansi Fleming alishaigundua London mwaka uliotangulia, ila ilikuwa bado haijaanza kutibu watu. Katika wosia alitaka hisa zake za Time zisiuzwe kwa miaka 49. Hata mwaka haujapita, Luce na wenzake walikuwa wamekwisha kuzinunua, na Luce akaishi hadi 1967 akiitwa mwanzilishi.

Haya, maswali. Wa nyuma kule kwanza, huyu wa mbele ameshaniuliza kwa macho.