Kabla ya Kubonyeza Y

Assalaam alaykum. Walimu wangu, ndugu zangu, na nyinyi vijana wa skuli mliojikusanya chini ya feni kule nyuma, ahsanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie kusakinisha na kuondoa programu kwa kuandika amri. Wengi wenu hapa Chake mnatumia Ubuntu, mfumo wa kuendesha kompyuta wa jamii ya Linux, kwa hivyo nitakaa humo humo. Mwenye Debian, mfumo uliouzaa Ubuntu, naye yumo, amri ni zile zile. Mwenye Fedora, mfumo mwengine wa Linux, anisamehe, kwake ni dnf na leo sitafika huko.

Kuweka programu si kazi. Unafungua teminali, dirisha la kuandikia amri, unaandika:

sudo apt update
sudo apt install vlc

Sudo ni kuomba mamlaka ya msimamizi wa kompyuta, na apt ndiyo inayoweka na kuondoa programu. Unatia neno lako la siri, na kwa kawaida hulioni likiandikika. Usidhani kibodi imekufa. Amri ya kwanza haiweki kitu. Inachukua orodha mpya ya vilivyomo ghalani, yaani kwenye hifadhi ya programu mtandaoni. Ya pili ndiyo inayoleta mzigo. Watu huiruka ile ya kwanza kwa kubania bando, kisha apt inakwenda kuomba toleo ambalo ghalani halipo tena, inarudi na 404, yaani halikupatikana, na mtu anailaumu mitandao.

Apt si ya jana. Debian ilianzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, na apt ikaingia rasmi katika Debian 2.1 mwaka 1999. Kabla yake watu walikuwa na dpkg tu, ambayo mpaka leo ndiyo inayofanya kazi ya mikono kule chini. Dpkg ukiipa paketi, yaani programu au sehemu yake iliyofungwa tayari kuwekwa, inayohitaji nyengine tano, inakutajia zinazokosekana, ikakuacha uhangaike mwenyewe. Apt inazitafuta yenyewe. Ni kama karani wa bandarini Mkoani mwenye daftari la mizigo: anajua nini kimeshuka, cha nani, na kipi kimekuja kwa sababu ya kipi.

Sasa, karani huyu kabla hajafanya jambo kubwa anakusomea daftari, kisha anauliza: Y (ndiyo) au n (hapana)? Hapo ndipo ninapotaka tukae.

Kijana anasoma mtandaoni kwamba Python mpya, lugha ya kuandikia programu, imetoka. Anasema moyoni, ngoja niondoe ya zamani kwanza nafasi iwe safi. Anaandika sudo apt remove python3. Skrini inajaa majina, mstari juu ya mstari, chini ya kichwa chenye neno REMOVED kwa herufi kubwa. Ndani ya msitu ule limo jina ubuntu-desktop, paketi ya madirisha na aikoni. Yeye anaona maandishi mengi tu, na maandishi mengi kwake ni dalili kwamba kompyuta inafanya kazi. Anabonyeza Y. Akiwasha tena, hakuna madirisha, hakuna aikoni, kuna maandishi meupe kwenye weusi yanayomwomba jina lake. Kumbe sehemu kubwa ya Ubuntu imejengwa juu ya ile Python aliyoiita ya zamani. Python mpya huwekwa pembeni, ile ya mfumo haiguswi.

Na si wanafunzi peke yao. Mwaka 2021 Linus Sebastian, mtu wa YouTube wa Kanada anayeishi kwa kompyuta, alitaka kuweka Steam, programu ya michezo, kwenye Pop!_OS, mfumo uliojengwa juu ya Ubuntu. Kulikuwa na kasoro katika paketi za siku ile, na apt ikamwonya kwamba itaondoa mazingira yote ya dawati. Haikuridhika na Y, ilimtaka aandike sentensi nzima, “Yes, do as I say!” Akaiandika. Dawati likaondoka, na mamilioni ya watu wakaitazama video ile.

Kwa hivyo, ukiomba kuweka kitu ukaona orodha ya vitakavyoondolewa, simama. Ukiondoa kimoja ukaona arubaini, simama zaidi. Ukitaka kuona bila kugusa, tia -s: apt remove -s python3. Itakuonyesha yote na haitafanya hata moja. Na aliyekwishaharibu asikimbilie kufuta diski nzima. Aingie kwa maandishi, asome /var/log/apt/history.log, mle mmeandikwa kila kilichoondoka na saa yake, kisha aombe sudo apt install ubuntu-desktop.

Tofauti ya remove na purge ni fupi. Remove inaondoa programu na kuacha mipangilio yake ndani ya /etc. Purge inaondoa na hiyo. Hakuna kati ya hizo mbili inayogusa mafaili yaliyomo kwenye folda yako ya nyumbani. Ukifuta kwa remove kisha ukatazama dpkg -l, utaona herufi rc mbele ya jina: yaani imeondoka, mipangilio imebaki. Halafu ipo autoremove, ya kusomba paketi zilizokuja kwa ajili ya nyengine na sasa hazina mwenyewe. Hiyo naipenda, lakini nayo soma orodha yake.

Tuje kwenye umeme, maana hili ni letu. Umeme wa Pemba unatoka Tanga kwa waya wa chini ya bahari tangu 2010, na sote tunajua kwamba bado unakatika. Dpkg hufanya kazi kwa hatua mbili: kwanza inafungua paketi na kupanga mafaili yake, kisha inaisanidi, yaani inaiweka tayari kutumika. Umeme ukikatika katikati na betri imechoka, paketi inabaki nusu. Ukirudi, apt inakataa kufanya lolote na inakutajia dawa yenyewe:

sudo dpkg --configure -a

Iandike, subiri, kisha sudo apt --fix-broken install. Mara nyingi inatosha. Ninachowakataza ni kufuta yale mafaili ya lock kwa sababu tu kuna mtu kasema hivyo kwenye video. Lock maana yake kuna mwengine anaandika kwenye daftari, aghlabu ni Ubuntu inajisasisha kimya kimya. Mwache amalize.

Mwalimu mmoja hapa mbele ameniuliza: skuli tuna kompyuta kumi na bando moja, tufanyeje? Suala zuri. Pakua mara moja tu. Kwenye kompyuta ya kwanza tumia apt-get badala ya apt, kwa sababu apt hufuta paketi ikishamaliza kuziweka, apt-get huziacha ndani ya /var/cache/apt/archives. Zitie kwenye flashi, zipeleke kwenye folda hiyo hiyo ya kompyuta nyengine, kisha toa amri ya kuweka kama kawaida. Ikiwa Ubuntu ni toleo moja na orodha ni za wakati mmoja, apt itazikuta na haitapakua tena. Kilichokosekana tu ndicho kitakachokula bando. Flashi iwe ya mtu unayemjua, jamani. Paketi inawekwa kwa mamlaka ya sudo, ikiwa na uchafu unaingia mpaka chumbani.

Dada aliyenyanyua mkono kule dirishani anauliza mbona apt ilimwambia Firefox ni kilobaiti chache, kisha bando lote likaisha. Hukukosea, dada yangu. Tangu Ubuntu 22.04, paketi ya Firefox iliyomo ghalani ni ganda tu. Ukiikubali, inaita mfumo mwengine, snap, nao ndio unaopakua Firefox yenyewe, mamia ya megabaiti. Hesabu ya apt haiioni sehemu hiyo. Kuiondoa ni sudo snap remove firefox, na ujue kwamba snap huweka nakala ya data zako kwa siku 31 baada ya kuondoa, isipokuwa umeongeza --purge. Kama diski yako ni ndogo, anza kwa snap list uone umebeba nini.

Fungueni laptop zenu sasa. Mwenye betri chini ya nusu achomeke waya kwanza.