Mama, hiyo sio Freemason: fraterniti za vyuo vya Marekani na maswali ya kumuuliza mwanao

Haya wapendwa, wazee wangu shikamooni, wengine wote mambo vipi. Leo niko ndani ya gari maana nyumbani watoto hawanipi nafasi, mkisikia honi vumilieni, hapa ni parking ya Maryland, Marekani, sio studio.

Wiki hii inbox imejaa swali lile lile, mwanangu kajiunga na fraterniti huko chuoni, je hiyo si Freemason, na aliyelianzisha ni mama mmoja wa Tanga ambaye kijana wake anasoma huku. Kanitumia klipu aliyoitoa kwenye status ya mwanae, na kwa kweli ukiiangalia bila mtu wa kukuelekeza lazima ushtuke, vijana wamesimama mstari mmoja wamebanana, nyeusi tupu mpaka viatu, nyuso zimefunikwa mask, wanapayuka majina ya Kigiriki kwa sauti moja kama wamepandisha, halafu mmoja mmoja anavuliwa mask na umati unalipuka kwa shangwe. Mmojawapo kuvuliwa ni mwanae. Baba mtu akasema basi, mtoto ndio ashaenda huyo, kaingia Freemason.

Na wala simcheki huyo baba. Sisi tumetoka mahali ambapo nguzo za umeme zimebandikwa vikaratasi vya jiunge na Freemason upate utajiri, chini kuna namba ya simu ya tapeli. Halafu tumekaa miaka tunaangalia muvi za Kinaijeria, chuo kikuu kuna kundi la siri, wanakula kiapo usiku, asubuhi mtu kafa. Na kule Nigeria hayo mambo yapo kweli, kundi la kwanza lilianzishwa Ibadan 1952, Wole Soyinka akiwa mmoja wa wale saba walioanzisha, nia yao ilikuwa nzuri tu, baadaye yakazaliwa makundi mengine yakaishia kwenye mapanga na bunduki. Kwa hiyo mzazi akiona mask na herufi na ishara za vidole anaunganisha na kile anachokijua, nani asingeunganisha.

Sasa tulieni niwaeleze hiki kitu ni nini.

Fraterniti ni chama cha wanafunzi wa kiume, cha wasichana kinaitwa sororiti. Vinajiita kwa herufi za Kigiriki kwa sababu kile cha kwanza kilianzishwa 1776 chuo cha William & Mary kule Virginia, mwaka ule ule Marekani imejitangazia uhuru, na wasomi wa zama hizo walikuwa wanasomeshwa Kigiriki na Kilatini mpaka basi. Kinaitwa Phi Beta Kappa, siku hizi ni heshima ya wanaofaulu sana darasani, sio chama cha sherehe. Hizi za kuishi pamoja na kusaidiana kama ndugu zilishika kasi kuanzia 1825 pale Union College, jimbo la New York. Na siwafichi kitu, ndio, zile taratibu za zamani za kiapo na kushikana mikono kwa namna fulani wengine walizichukua kwa Freemason, maana miaka hiyo Freemason walikuwa kila kona ya Marekani. Lakini kuiga taratibu sio kuwa tawi lao, mwanao hajasajiliwa huko.

Huko kote lakini mtu mweusi alikuwa haingii. Ndio maana Desemba 1906 wanafunzi weusi saba wa chuo cha Cornell wakaunda ya kwao, Alpha Phi Alpha, ili wapate pa kuegemea kwenye chuo ambacho kilikuwa hakiwataki kwa dhati. Baada ya hapo zikafuata nyingine, nyingi zimezaliwa Howard University hapa Washington, leo ziko tisa, fraterniti tano sororiti nne, na tangu 1930 zina baraza lao la pamoja. Watu wanaziita Divine Nine. Mkitaka majina ya kumtuliza baba, Martin Luther King alikuwa Alpha, na lile sanamu lake kubwa Washington lililofunguliwa 2011 wazo lilitoka kwa hao hao Alpha. Thurgood Marshall jaji naye Alpha, huyo Wakenya mnamjua au mnapaswa kumjua, alikuja kuwasaidia viongozi wenu kwenye mazungumzo ya katiba Lancaster House, London, mwaka 1960. Kwame Nkrumah alipokuwa anasoma huku alikuwa Phi Beta Sigma. Kamala Harris ni Alpha Kappa Alpha, alijiunga akiwa Howard.

Na ile klipu ya mask inaitwa probeti, ni siku ya kuwatambulisha wapya mbele ya chuo kizima. Wanapangwa kwa urefu, mfupi mbele mrefu nyuma, kila mtu anapata namba yake na jina la utani, ndio hayo mnayaona yameandikwa kwenye jaketi. Yale wanayopayuka ni historia ya chama chao na majina ya waanzilishi, wamekariri wiki nzima. Mask ni ili watu wasijue nani ameingia mpaka dakika ya mwisho. Ni shoo. Wazazi wa huku wanakuja na maua na kamera.

Sasa naomba wazee mnisikilize vizuri hapa maana ndipo ugomvi wa nyumbani unapoanzia. Mama wa Tanga alimbana mwanae kwenye simu masaa, umeapa nini, mlifanya nini, niambie mlichoambiwa, mtoto akawa anajibu mama siwezi kusema, mama akaona hiyo ndio ushahidi kamili. Jamani. Baba yake huyu kijana ametoka jandoni. Muulizeni aliimbiwa nini kule porini, aliambiwa nini na kungwi wake, atawaambia? Hata mkewe wa miaka thelathini hajamwambia. Na bibi zetu na unyago wao hivyo hivyo. Sisi ni watu tunaojua kabisa kwamba kuna maneno ya walioingia na hayatoki nje na dunia haianguki. Siri ya namna hiyo muacheni nayo, msiichimbe, mkiichimba mtoto anafunga mlango wote, hata yale ambayo angewaambia hawaambii tena.

Ila kuna siri ya pili na hiyo sikubaliani nayo hata chembe. Siri ya kumnyamazisha mtu anayeumizwa.

Huku inaitwa hezingi. Mtu mpya kabla hajakubaliwa anateswa ili athibitishe anataka kweli. Tuliosoma bweni tunajua njuka, yule mwanafunzi mgeni, alivyokuwa anafanywa, basi hii ni ya watu wazima na pombe juu. Kwenye zile fraterniti zenye majumba makubwa mara nyingi ni pombe kali, mtu anapewa chupa amalize. Kwenye zetu za watu weusi mara nyingi ni kipigo, bakora za mbao, ngumi, kunyimwa usingizi, na yote haya yamekatazwa na makao makuu yao wenyewe, tangu 1990 zile Divine Nine zilifuta rasmi ule utaratibu wa zamani wa kumuweka mtu kwenye majaribio, lakini kuna chapta, yaani matawi ya vyuoni, zinaendelea usiku kwa siri. Februari 2017 pale Penn State, chuo cha jimbo la Pennsylvania, kijana wa miaka 19, mwaka wa pili, amelewa usiku wa kupokelewa, akaanguka ngazi za beismenti, kile chumba cha chini ya nyumba, wenzake wakamuweka kwenye kochi wakaona atazinduka, karibu masaa kumi na mbili yanapita ndio mtu anapiga 911, namba ya dharura ya huku. Kamera za nyumba yao wenyewe zilirekodi kila kitu. Akafa. Pennsylvania mwaka uliofuata wakatunga sheria kali yenye jina lake. Na msidhani ni fraterniti peke yake, 2011 Florida A&M alikufa kijana aliyekuwa drum major, yaani mmoja wa viongozi wa bendi ya chuo, kapigwa na wenzake wa bendi ndani ya basi.

Kwa hiyo mkisikia mtu anawaambia King alikuwa mwanachama msiwe na wasiwasi, mwambieni asante, lakini jina la King halikai kwenye hiyo beismenti usiku wa Ijumaa. Chama kinaweza kuwa na historia ya dhahabu na chapta ya chuo cha mwanao ikawa ya wahuni. Angalieni chapta, sio herufi.

Unaangaliaje ukiwa Tanga? Hii mpya na wengi hata huku hawaijui. Desemba 2024 Biden, akiwa bado rais, alisaini sheria ya kupinga hezingi vyuoni, inalazimisha vyuo kuandika kwenye tovuti zao ripoti ya vikundi vilivyokutwa na makosa ya hezingi, kikundi gani, kimefanya nini, kimepewa adhabu gani. Iko wazi, haina paswedi, mtu wa Pongwe na bando lake anaisoma. Tafuta jina la chuo na neno hazing transparency report, kama Kiingereza kinapiga chenga mpe mpwa wako akusomee. Na hapo hapo angalia kama hiyo chapta chuo kinaitambua, kwa sababu kuna chapta zimefukuzwa na chuo na bado zinaingiza watu kimya kimya, hizo ndio za kukimbia maana hakuna anayezisimamia.

Halafu msitegemee chuo kiwapigie simu. Hili linawauma sana wazazi wetu, mtu kauza kiwanja kulipa ada halafu anapiga chuoni kuuliza habari za mwanae anaambiwa hatuwezi kukuambia. Sio dharau. Kuna sheria ya 1974 inaitwa FERPA, mwanafunzi wa chuo taarifa zake ni mali yake, wewe mzazi unazipata yeye akisaini. Kwa hiyo muombeni asaini, mapema, kwa upole, kabla hakujaharibika kitu.

Na maswali ya kumuuliza yeye mwenyewe, msianze na umeapa nini. Muulize, hao wanaokuingiza ni kina nani, kuna mtu mzima wa chuo anawajua? Vikao vyenu vinaisha saa ngapi? Umelala? Simu yako wanakunyang'anya? Maana kijana aliyekuwa anapiga kila Jumapili akapotea wiki mbili, akirudi sauti imechoka, maksi zimeshuka, kwenye video anakaa upande upande kama makalio yanamuuma, na anaomba hela hasemi za nini, huyo hayuko kwenye siri ya jando huyo anapigwa. Hapo usigombe wala usihubiri, mwambie sentensi moja tu, ukiamua kutoka hata leo usiku sisi hatutakucheka na baba yako hatasema nilikwambia. Vijana wengi wanavumilia kwa sababu wanaona aibu ya kuacha ni kubwa kuliko maumivu.

Mwambie pia asimuache mwenzake aliyelewa alale peke yake, apige 911, majimbo mengi yana sheria ya kumlinda anayepiga simu kuokoa mtu hata kama na yeye alikuwa anakunywa. Na pombe yenyewe, huku umri wa kisheria ni kuanzia miaka 21, majimbo yote, na mwenye viza ya mwanafunzi akikamatwa anaendesha gari amelewa viza yenyewe inaweza kufutwa. Mmarekani mwenzake analipa faini anarudi darasani, wa kwetu anaanza kutafuta wakili wa uhamiaji.

Wazee wa dini, nimewasoma kwenye koment. Viapo, pombe, mambo ya Kigiriki, imekaaje. Mimi sio sheikh wala mchungaji siwezi kuwapa fatwa, wapo wachungaji huku ni wanachama wa miaka mingi na wapo waliosimama madhabahuni wakajivua, kila mtu na dhamira yake. Ila Waislamu hili litawafurahisha, 2013 pale University of Texas at Dallas vijana wa Kiislamu walianzisha fraterniti yao bila pombe, wakaiita Alpha Lambda Mu, herufi za Kigiriki zinazofuata Alif Lam Mim, zile herufi zinazoanza baadhi ya sura za Kurani. Kwa hiyo mtoto akikwambia hakuna njia nyingine zaidi ya hiyo ya pati, mwambie anti kasema ipo.

Haya, hela, maana najua baba mtu alikuwa anasubiri hapa. Kuingia kunalipiwa. Kuna mchango wa kila muhula, mamia ya dola, kuna ada ya kuingia ambayo kwa zile Divine Nine inaweza kuzidi dola elfu moja, na akihamia kwenye nyumba yao ni kodi juu yake. Faida zipo, sitaki kusema uongo, nimefanya kazi na watu waliopata intavyu kwa sababu bosi aliona pini ya chama kwenye koti, na hizi za watu weusi uanachama hauishi ukimaliza chuo, kuna wazee wa miaka sabini bado wanakutana kila mwezi na wanasomesha watoto wa watu. Ila muulizeni mapema jumla ni ngapi na inatoka wapi, ada ya chuo isiguswe. Na lile jaketi la chama ambalo mama wa Tanga kaombwa na mwanae atume hela likanunuliwe, hapana. Mwanafunzi wa viza anaruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo mpaka masaa 20 kwa wiki, aende laibrari akapange vitabu, jaketi la namba na jina la utani mtu anajinunulia mwenyewe.